Maziwa yako hayana kosa, mama wa Mudzipela

Mdogo wangu wa Mudzipela, umeniandikia kurasa nne, mbele na nyuma, lakini swali lako ni moja na umelificha pembeni kwa herufi ndogo: "Yaya, maziwa yangu hayana nguvu?" Nakujibu kabla chai yako haijapoa: yana nguvu. Yalipewa kazi isiyo yao, yakashindwa, na sasa nyumba nzima inayahukumu. Kibaya zaidi, na wewe umeikubali hukumu hiyo upesi mno. Ndiyo maana nataka tukae kidogo.

Niwape wasomaji wengine habari kwa ufupi. Ulijifungulia nyumbani, maana usiku ule njia haikuwa salama na hakuna mwenye pikipiki aliyekubali kutoka. Mtoto akazaliwa mzima, akalia, akanyonya. Siku ya tatu macho yakavimba, kope zikagandana, na kila ukipangusa usaha wa njano unatoka mwingine. Mama mkwe akakuambia ukamue titi, udondoshe maziwa machoni, kama alivyowafanyia watoto wake saba. Ukasita. Hapo shemeji yako, anayesomea mambo ya afya, akaumaliza ubishi kwa neno la darasani: ndani ya maziwa ya mama mna kimeng'enya kinachoitwa lisozimu, kinapasua bakteria, kwa hiyo mama ana haki na hospitali ni kupoteza franka bure. Ukakamua siku mbili. Alfajiri ya siku ya tano jicho la kushoto likakataa kabisa kufunguka. Ukambeba mtoto kifuani, ukatoka bila kuaga mtu.

Hospitalini akapigwa sindano, akasafishwa macho, akapakwa pomada. Leo unaniambia anakufuata kwa macho ukipita chumbani. Basi ungedhani nyumba ingeshangilia! Badala yake mama mkwe hakusemeshi, shemeji anadai ulimwaibisha, na baba mkwe ameagiza maziwa ya ng'ombe kutoka Djugu kwa sababu "ya huyu hayafai." Na juu ya hayo yote, muganga amesema urudi pamoja na papa wa mtoto, nawe hujamwambia.

Tuanze na shemeji, maana yeye ndiye aliyeleta sayansi mezani, na nusu ya aliyoyasema ni kweli tupu. Lisozimu ipo. Ipo kwenye machozi yako, mate yako, kamasi na maziwa yako. Aliyeigundua ni Alexander Fleming, daktari Mskoti wa Hospitali ya St Mary's huko London. Mwaka 1921 alikuwa na mafua, akachukua kamasi yake mwenyewe na kuitia kwenye sahani ya maabara iliyoota bakteria wa rangi ya njano. Kamasi ilipogusa, bakteria wakayeyuka. Akajaribu na machozi, yakafanya vilevile. Basi yeye na wenzake wakawa wanajikamulia maganda ya limau machoni ili wapate machozi ya kutosha kwa majaribio. (Shemeji asiwe na wazo hilo, tafadhali.)

Lisozimu yenyewe ni protini ndogo. Ya binadamu ni mnyororo mmoja wa asidi amino 130. Mnyororo huo hujikunja mpaka unakuwa bonge lenye pande mbili na ufa mrefu katikati, kisha madaraja manne ya salfa yanaushika mkunjo usifumuke. Ule ufa ndio kila kitu. Uliweza kuonekana mwaka 1965, pale David Phillips na wenzake, akiwemo Louise Johnson, walipopiga eksirei fuwele za lisozimu ya ute wa yai la kuku katika Royal Institution, London, wakapata umbo lake lote. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza duniani kujulikana umbo lake kwa njia hiyo. Ile ya kuku ina asidi amino 129 na ni ndugu wa karibu wa yetu, kwa hiyo kila ukivunja yai kwa ajili ya omleti, ule ute unaokuteleza vidoleni umejaa lisozimu.

Sasa kazi ya huo ufa. Bakteria wengi wamezungukwa na ukuta uliofumwa kwa minyororo ya sukari za aina mbili zinazopishana, minyororo hiyo ikishikanishwa na vipande vidogo vya protini. Umewahi kuona wavuvi wa Kasenyi wakishona nyavu zao? Ukuta huo ni wavu wa namna ile, na nguvu yake iko kwenye uzi. Ufa wa lisozimu unaingiza sukari sita za uzi huo kwa mara moja. Ndani yake asidi mbili zinatazamana, ya glutamiki upande huu na ya aspatiki upande ule, nazo zinavunja kiungo kati ya sukari ya nne na ya tano. Inakata hapa, inasogea, inakata pale. Bakteria ana shinikizo kubwa ndani yake. Ukuta ukilegea, maji yanaingia, anavimba, anapasuka. Tena vipande vya ukuta vinavyobaki havipotei bure, kwa kuwa mwili huvitambua na kuamsha kinga nyingine.

Mpaka hapo shemeji anapata maksi zote. Anakoanguka ni kwenye lile "kwa hiyo" lake.

Fleming mwenyewe alivunjika moyo kidogo na uvumbuzi wake. Bakteria walioyeyuka vizuri zaidi mbele ya machozi walikuwa wengi wao ni wale wasiomdhuru mtu. Ukifikiri vizuri, ingewezaje kuwa vingine? Bakteria anayeyeyushwa na machozi hawezi kuwa hatari kwa jicho. Kila siku wanaanguka machoni mwako pamoja na vumbi la barabara za Bunia, wanamalizwa, na wewe hupati hata habari. Wanaotuletea ugonjwa ni wale waliopata njia ya kuikwepa lisozimu. Ndiyo sababu dunia ilimsubiri Fleming mpaka 1928, alipoikuta penisilini, ambayo inashambulia ukuta ule ule kwa njia nyingine: inazuia bakteria asiujenge. Hiyo ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Yule aliyeigundua lisozimu hakuona aibu kutafuta dawa, shemeji yako ataiona ya nini?

Njia za kukwepa ni nyingi. Kuna bakteria wenye utando wa mafuta nje ya ukuta wao, na lisozimu haipenyi pale peke yake. Wa tauni, ule ugonjwa ambao watu wa Rethy wanaujua kuliko vitabu, ni wa kundi hilo. Wa kisonono pia. Klamidia anajificha ndani ya seli zetu, ambako machozi hayamfikii. Na virusi havina ukuta wa aina hiyo hata kidogo. Ebola iliyotusumbua hapa Ituri na Kivu Kaskazini kuanzia 2018 mpaka Juni 2020 haikuwa na uzi wa kukatwa. Hukuniandikia maabara ilisema nini, na sitabahatisha. Lakini mtoto wa siku tatu akitoka usaha mwingi namna hiyo na macho yamevimba, muganga anawashuku kwanza kisonono na klamidia, maana mtoto anaweza kuwaokota njiani wakati wa kuzaliwa. Kisonono kikikaa machoni mwa kichanga kinaweza kutoboa kioo cha jicho na kuacha upofu, na ni suala la siku chache tu. Wewe ulitoka nyumbani siku ya tano. Sitaki kukutisha kwa jambo lililopita, nataka ujue uzito wa hatua uliyoichukua peke yako alfajiri ile.

Na kuna jambo moja ambalo nadhani hakuna aliyekuambia. Ule usaha uliokuwa ukiupangusa kwa kitambaa, ukaona ni ushahidi kwamba mwili wa mwanao umeshindwa, ulikuwa na nini ndani yake? Chembe nyeupe za damu, zilizokuja machoni kupigana na kufia pale, na chembe hizo zimebeba mifuko midogo iliyojaa lisozimu pamoja na silaha nyingine. Mtoto wako wa siku tatu alikuwa anapigana kwa alichonacho. Hakukosa kinga. Alikutana na adui ambaye kinga hiyo peke yake haikumtosha, akahitaji kusaidiwa, akasaidiwa.

Nirudi kwenye maziwa, maana hapo ndipo moyo wako unapouma. Kuyadondosha machoni hakukuwa na faida: ni tone dogo, linafutika kwa kope mara mbili tatu, lina sukari ambayo bakteria wengine wanaifurahia, na linapitia vidoleni. Kubwa zaidi, lilikupotezea siku mbili. Lakini tumboni mwa mtoto habari ni tofauti kabisa. Huko maziwa yanaingia kila anaponyonya, usiku na mchana, na lisozimu haiko peke yake. Inafuatana na kingamwili zako na protini nyingine inayoitwa laktoferini. Maabara zimeonyesha kwamba laktoferini inaweza kuulegeza ule utando wa nje wa bakteria, na hapo lisozimu inapata mlango wa kuufikia ukuta. Yale madaraja manne ya salfa niliyokutajia yanaifanya kuwa ngumu, hata inapita tumboni bila kuharibika yote. Tena kinyume na watu wanavyodhani, kiasi cha lisozimu kwenye maziwa ya mama huongezeka kadiri miezi ya kunyonyesha inavyokwenda. Kwa hiyo wanaokuambia maziwa yako "yameisha nguvu" wamesoma saa kichwa chini miguu juu.

Na hayo ya ng'ombe? Nawaheshimu ng'ombe wa Djugu, jibini yao naipenda. Lakini maziwa yao yana lisozimu kidogo sana, hata ya mwanamke yanayazidi mara elfu na zaidi. Sikuchezei. Tofauti hiyo iliwafanya wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California kule Davis wafuge mbuzi waliopandikizwa jeni la lisozimu ya binadamu, ili maziwa yao yakaribie kidogo ya kwako. Mwaka 2013 walitangaza kwamba nguruwe wachanga wenye kuhara walipata nafuu haraka zaidi waliponyweshwa maziwa hayo. Watu wenye maabara na mashine wanahangaika na mbuzi miaka na miaka wapate kitu ambacho wewe unakitoa umekaa kwenye mkeka, halafu unaniuliza kama kina nguvu! Mtoto wako anyonye wewe tu mpaka atimize miezi sita, bila maji, bila chai, bila ng'ombe wa mtu yeyote. Ukimchanganyia sasa, ndipo utakapomletea kuhara, na wataanza upya kukutafutia kosa.

Mama mkwe sasa. Unasema hakusemeshi, na umeandika kwa hasira kidogo kwamba "watu wa zamani hawaelewi." Hapo sikubaliani nawe. Yeye aliona mtoto anaumwa, akatoa dawa aliyonayo, ambayo haikumgharimu mtu. Yawezekana kabisa baadhi ya watoto wake saba walikuwa na matongo tu, yale yanayotokana na mfereji wa machozi ambao haujafunguka vizuri, na hayo mara nyingi huisha yenyewe, umdondoshee maziwa usimdondoshee. Akaona yameisha, akaamini ni maziwa. Wewe na mimi tungeamini vilevile. Kinachomuuma si maziwa. Aliamka akakuta kitanda kitupu na mjukuu wake hayupo, na hakuna aliyemwambia. Kwa hilo nenda kamwombe radhi, kwa kuondoka bila kuaga tu. Kwa kwenda hospitali usiombe radhi hata nusu neno. Mwambie: "Mama, niliogopa, nikashindwa kukuamsha." Halafu mkabidhi mtoto amwogeshe. Akiuliza habari ya maziwa, mwambie alikuwa na haki kwamba yana dawa, ila dawa hiyo inapita mdomoni. Nadhani hilo ataweza kulimeza.

Shemeji yeye hukumwaibisha, hoja yake ilimponyoka mwenyewe. Yai likikuponyoka jikoni, hulaumu sakafu.

Limebaki lile ambalo umelizunguka kurasa zote nne. Muganga anamtaka papa wa mtoto, na wewe unajua kwa nini, ndiyo sababu hulali. Unaogopa atakuuliza, "Umeutoa wapi?" Na ndani yako una swali hilo hilo la kumuuliza yeye. Nisikilize vizuri. Magonjwa haya mawili yanaweza kukaa kwa mwanamke muda mrefu bila dalili yoyote, na kwa wanaume wengi klamidia inakaa kimya vilevile. Jicho la mtoto halikuambii ni nani aliyeleta, wala ni mwaka gani. Linasema tu kwamba ninyi wawili mnatakiwa kupimwa na kutibiwa kwa pamoja, kwa sababu akitibiwa mmoja, mwingine atamrudishia. Ukianza na lawama hamtafika hospitali. Akianza yeye, mjibu hivyo hivyo: tukatibiwe kwanza, tutaongea tukirudi. Mazungumzo ya uaminifu mnaweza kuwa nayo, na huenda mnayahitaji, lakini yasitangulie dawa.

Kama unaona ulimi utakuwa mzito, mwambie tu kwamba muganga anataka kuwaona wazazi wote wawili kwa ajili ya macho ya mtoto. Si uongo. Mwache muganga aeleze, hiyo ni kazi yake na ameifanya mara nyingi. Lakini barua yako ina mstari mmoja, ule wa "ana mkono mwepesi akikasirika," ambao umenifanya niweke kalamu chini kidogo. Kama kuna hatari ya kupigwa, usimwambie chochote mkiwa wawili nyumbani. Rudi hospitali wewe na mtoto, upate matibabu yako, na umwambie muuguzi hofu hiyo kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia mimi. Kuna njia za kumwita mwanaume bila kukuweka wewe mbele.

Wengine mnaosoma mkiwa na mimba, mimi sina zaidi ya haya: kwenye kupima mimba waulizeni kuhusu magonjwa haya, na mtoto akizaliwa apakwe pomada ya tetrasiklini machoni, hata kama mmejifungulia nyumbani mkafika kituo cha afya asubuhi yake. Ni desturi iliyoanzia Leipzig, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1880, Carl Credé alipoanza kuwatia vichanga tone la dawa ya fedha, na imeokoa macho mengi mno. Macho yakiwa mekundu, yamevimba au yana usaha katika mwezi wa kwanza, ni hospitali siku hiyo hiyo. Msiandikie gazeti. Posta yetu mnaijua.

Na wewe, mdogo wangu, siku ukienda kumpima mtoto uzito, mwonyeshe tena muganga yale macho hata kama yamepona. Maziwa ya Djugu yakifika, usigombane na mtu. Yachemshe vizuri, umpe shemeji na chai yake. Ana mitihani, na sura ya utando wa nje wa bakteria inaonekana bado hajaifikia.